Jino la Kupigia Mluzi

Jumatatu, 3 Novemba
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano huku nimeshika shavu. Jino la mbele bado linauma. Wiki mbili sasa tangu maksai wangu Kamanda anipige kichwa nikimfunga nira. Maji ya chumvi, karafuu, wapi! Mke wangu, Mama Deo, anasema uso umekuwa andazi. Hana huruma huyu mwanamke.

Nimejaribu kupiga mluzi. Umetoka upepo mtupu. Hapo ndipo nilipoogopa. Maksai wangu, Kamanda na Mapema, nimewafundisha kwa mluzi tangu wakiwa ndama. Fimbo hawaijui. Na mvua iko njiani.

Jumatano, 5 Novemba
Nimekwenda Sumbawanga mjini kwa daktari wa meno. Kumbe ni Anjela, niliyemfundisha darasa la nne! "Shikamoo, Mwalimu." Nimeitikia marahaba huku nikipanda kitini. Amesema jino litapona: leo asafishe mzizi na kuweka dawa, wiki ijayo azibe. Nikichelewa, ni kung'oa. Pengo mbele, mluzi kwaheri.

Akawasha kile kimashine. Ile sauti! Nimeruka kitini, nimetoka mbio. Nimefika stendi ndipo nikagundua kitambaa chao bado kiko shingoni. Aibu tupu.

Alhamisi, 6 Novemba
Anjela amepiga simu. Amecheka kidogo tu. Amenipa zoezi: nifumbe macho, nivute pumzi polepole, niitoe polepole zaidi, akili niipeleke mahali ninapotulia. Asubuhi na jioni. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko. Asubuhi nimewaza mitihani. Jioni nimesinzia. Mama Deo kauliza kama nasali. Nimesema natulia. Kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa nimepata mahali pangu. Shamba la juu, nyuma ya plau. Navuta pumzi tunakwenda, naitoa tunarudi. Nimelima mistari arobaini bila kuinuka kigodani. Jino nimelisahau kabisa. Nina furaha ya kitoto.

Jumatano, 12 Novemba
Nimerudi. Kitambaa nimekirudisha kimepigwa pasi.

Sindano ya ganzi: mstari wa kwanza. Kimashine: naona udongo mweusi unageuka. Natulia, jamani, natulia kweli! Tukafika mwisho wa shamba. Maksai lazima wageuke. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe, kama siku zote, ukapiga sinia la vyuma. Vyote chini. Na mdomo, wenye vidole vya mtu ndani, ukajaribu mluzi. Mate yamefika kwenye miwani ya Anjela.

Nikajua basi, ananifukuza, na jino ndiyo limekwenda. Nimemweleza kwa ulimi mzito kwamba nilikuwa nageuza maksai. Amefuta miwani.

"Mwalimu, shamba lina urefu gani?"

"Hatua mia."

"Lirefushe. Leo hakuna kugeuka mpaka nikuambie."

Nimelirefusha. Nimelima kutoka nyumbani hadi Chala, moja kwa moja. Kufumbua macho, amemaliza. Hesabu zilimtoa jasho darasani, lakini akili mtoto huyu anayo.

Jumatano, 19 Novemba
Ameziba. Safari hii nimelima hadi Kasanga, maksai wamekunywa maji ya ziwa. Jino ni langu. Nimempelekea unga wa ulezi. Ameniambia nisubiri siku mbili kabla ya mluzi. Nasubiri. Naona mawingu, nasubiri.

Jumamosi, 22 Novemba
Mvua imenyesha jana. Udongo laini. Nimefunga nira, safari hii mbali na kichwa cha Kamanda. Wamesimama wakinisikiliza. Nimeshindwa kuanza. Je, mluzi usipotoka?

Nimefumba macho. Nimevuta pumzi. Nimeitoa polepole, na mluzi umetoka nayo. Masikio ya Mapema yamesimama kwanza. Wamevuta.

Mwisho wa shamba nimesahau kuwageuza. Nimelima hatua sita ndani ya shamba la jirani. Amesema niendelee tu.