Onyo Nililolinyamazisha

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amejifungua jana asubuhi — wiki nane kabla ya siku zake! Mtoto wa kiume. Kilo moja na robo. Mume wangu kamwona mpwa wake mara moja tu, akatoka mbio eti anakwenda kuangalia gari kama limefungwa. Gari tulilifunga. Alikuwa analia huko.

Mtoto tayari ana jina la utani: Robo. Jina lenyewe litasubiri. Mama mkwe anasema kwanza aushike uhai, majina hayaishi.

Wodini kuna inkubeta sita. Tano kuukuu, rangi imebanduka. Moja mpya, ya dirishani — yetu! Kampuni yetu ndiyo iliyoitengeneza, na mfumo ulio ndani yake, ile programu ya Linux ya chini kabisa inayosoma vipimajoto na kuamrisha hita, tunauandika mimi na Mkaguzi, mwenzangu anayepitia kila ninachoandika, watu wawili tu ofisi nzima. Nikamwendea sista wa zamu. Nikamwomba: ikipatikana nafasi, tafadhali sana, wetu atiwe humo. Kasema ataangalia. Sijawahi kuomba upendeleo hospitali maisha yangu yote. Leo nimeomba, tena bila haya.

Mama mkwe anajua kazi yangu ni kuandika "draiva". Miaka kumi sasa namweleza ni programu inayoongea na kifaa, bado ananiuliza draiva wa gari gani.

Jumanne, 4 Machi

Robo kaingia ya dirishani! Nimeikodolea macho mpaka sista kaniuliza kama nimepoteza kitu. Hewa ya ndani imewekwa nyuzi 34. Kwenye kioo: 33.9 — 34.1 — 34.0. Namba inachezacheza, ndivyo inavyotakiwa. Ikicheza kupita kiasi inalia piii. Sista anasonya. Kasema mashine zenu hizi zina mdomo kuliko wazazi.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Nimefika saa saba mchana, mapumziko ya chakula. Sista kanipokea kwa tabasamu: leo mashine yenu ina adabu! Tangu ameingia zamu haijalia hata mara moja. Nikavimba kichwa. Nusura nimwambie ni kazi ya mikono yangu. Nikaitazama kwa raha zangu. 34.0. Akafungua kidirisha cha pembeni ambadilishe Robo nepi. 34.0. Katoa nepi chafu, katia safi, kachukua muda wake, na hewa ya nje inaingia tu. 34.0. Akafunga. 34.0.

Ukifungua inkubeta joto lazima lishuke. Lazima! Namba isiyocheza si namba, ni picha.

Nikauliza mtoto anaendeleaje. Kasema ana homa tangu asubuhi, nyuzi 38.4 kwapani, daktari keshaandika dawa, huenda ni maambukizi. Kasema kwa upole kabisa. Ndiyo, atasemaje vingine? Mashine inamwambia hewa iko sawa, basi ugonjwa ni wa mtoto.

Nikamwambia mtoe. Zima, washa. Akanitazama kama nimemtukana. Mashine haizimwi bila fundi wa hospitali, kasema, na wewe hapa ni mgeni wa mgonjwa. Nikapayuka mbele ya wazazi wote: mimi ndiye niliyeiandika! Wifi akanyanyuka kwenye kiti. Akafungua vifungo vya gauni, akasema nipeni mwanangu. Wakamlaza kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Mashine ikiwa tupu, sista akazima. Akawasha.

37.8.

Hewa hiyo! Lile sanduku lilikuwa linamchemsha mtoto polepole huku likituambia 34.

Wamemhamishia kwenye kuukuu ya tatu, ile inayopiga kelele. Naandika kwenye benchi la nje. Wifi kanishika mikono yote miwili, anasema Mungu ndiye aliyenileta. Sikuweza kumtazama.

Jumamosi, 8 Machi

Ofisini, peke yangu. Nimeipata. Heri nisingeipata.

Mwezi wa kumi na moja Mkurugenzi alitoa amri: kompaila — ile programu inayokagua tulichoandika na kukigeuza lugha ya mashine — isitoe onyo hata moja. Wateja wanataka ripoti safi. Maonyo yalikuwa mia na tatu. Nilikaa siku mbili nikiyanyamazisha moja moja. Mojawapo lilisema: unalinganisha namba mbili za aina tofauti, moja inaweza kushuka chini ya sifuri, nyingine haiwezi. Lilikuwa kwenye draiva ya kipimajoto. Nikabadilisha neno moja. Moja! Saa ya ndani, inayohesabu tangu mashine iwashwe, nikairuhusu ishuke chini ya sifuri. Onyo likanyamaza. Nikaenda nyumbani mapema siku hiyo, nakumbuka, nikiimba.

Saa ya namna hiyo ikifikisha siku 24, saa 20 na dakika 31, inajaa. Ikijaa inaruka, inakuwa hasi bilioni mbili na ushei. Draiva inauliza: muda wa kupima joto tena umefika? Saa inajibu: bado. Inauliza tena. Bado. Basi inarudia namba ya mwisho iliyopima. Haioni kosa, haipigi kelele. Na hita inabaki vilevile ilivyokutwa. Kama ilikuwa inawaka, itawaka. Kama ilikuwa imezima, mtoto atapoa.

Sisi tuliijaribu siku tatu mfululizo tukasema imepita.

Nimempigia sista. Ile ya dirishani iliwashwa siku ya makabidhiano, 10 Februari, saa tano asubuhi. Haijazimwa tangu hapo. Nimehesabu kwa kikokotoo, kisha kwa vidole, kisha kwa kikokotoo. Inaangukia jana saa moja na nusu asubuhi.

Kiraka kile, yaani badiliko lile la neno moja, kina jina langu. Chini yake Mkaguzi kaandika: "Safi." Na maelezo ya toleo, yale wanayosoma wateja, niliyaandika mwenyewe: "Marekebisho ya hitilafu na maboresho madogo."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumatatu, 10 Machi

Kurekebisha kumechukua dakika nne. Neno moja limerudi mahali pake. Safari hii Mkaguzi kasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, jasho linamtoka. Hakunilaumu. Kaniambia tu, lile "Safi" niliandika bila kufungua.

Mkurugenzi katufungia mlango. Kasikiliza vizuri, nisimsingizie. Halafu kaanza. Mashine ziko arobaini. Kila moja ina kikatio cha pembeni, hewa ikifika 39 hita inakatwa, kwa hiyo hakuna mtoto atakayeungua. Nikasema kwa mtoto wa kilo moja 39 tayari ni joto mno, na kikatio hakijui baridi. Kasema tukipiga simu hospitali zote leo, kesho hakuna kampuni, na hapo nani atakayerekebisha chochote? Toleo jipya litoke, mafundi walipakie kwenye matengenezo ya kawaida. Mwezi wa tano.

Nikauliza maelezo ya toleo yasemeje.

Kasema: yaleyale.

Nikanyamaza. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye — nilinyamaza. Naogopa kufukuzwa. Naogopa polisi. Na ninapofikiria vile vyumba vingine ambavyo sijui hata viko wapi, naogopa zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Robo kaongeza gramu thelathini! Homa imekwisha, dawa zimesimamishwa. Mama mkwe kanitangaza wodi nzima: huyu ndiye mkwe wangu, draiva wa mashine! Mama wa kitanda cha pili kaniomba niitupie jicho na ya mwanawe. Wifi kaninong'oneza: na huyo aliyeiharibu, mmeshamjua?

Nikasema bado wanachunguza.

Bado! Na mimi sasa najibu kama ile saa yangu.

Jumatano, 12 Machi

Mume wangu kaniuliza mbona sili. Nikamwambia yote, garini, mbele ya lango la shule tukiwasubiri watoto. Kengele ya shule ikalia. Kasema: kwa hiyo ni wewe. Nikasema ni mimi. Kasema dada yake asiambiwe leo, maziwa yenyewe yanatoka kwa shida. Kisha akashika usukani kana kwamba tunaendesha, akasema hao wengine nao ni dada za watu.

Watoto wakapanda wakigombea kiti cha mbele. Tukawagombeza wote wawili, hata asiye na kosa.

Alhamisi, 13 Machi

Mkaguzi kapita mezani kwangu, kaangusha karatasi, kaenda zake bila kugeuka. Orodha. Mashine arobaini, wodi, namba za simu, siku na saa zilipowashwa. Nitamkumbuka kwa hili.

Nimepiga simu tangu saa tatu asubuhi, kutoka chumba cha stoo, katikati ya maboksi ya nyaya. Sentensi ni ileile: mtoe mtoto, zima, washa, mrudishe, na kila Jumatatu fanya hivyo mpaka fundi aje. Wengine wananielewa mara moja. Mmoja kaniuliza kama mimi ni tapeli. Mwingine kaniambia dada, huku umeme unakatika kila siku, mashine inajizima yenyewe na kujiwasha. Nikamshukuru Mungu! Nimefika mahali naombea watu giza. Hospitali mbovu ndizo zilizopona. Ninazoziogopa ni zenye jenereta nzuri.

Kila ninapouliza mnaionaje mashine, wanaisifia. Sijawahi kuchukia sifa hivi.

Thelathini na nane wamejibu. Ya thelathini na tisa ni wodi yetu. Imebaki moja, mbali, siku nzima ya safari. Iliwashwa 17 Februari, saa nne asubuhi. Ina betri mpya ya akiba, nimeona kwenye orodha. Itajaa kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simu yao inaita tu. Nimepiga mara kumi na nne. Nimepiga mapokezi, wakanihamisha, ikakatika. Nimetuma ujumbe kwa namba ya muuguzi mkuu — haujasomwa.

Mkurugenzi kanifuma natoka stoo. Katazama karatasi mkononi mwangu. Kasema kesho saa tatu, ofisini kwangu, na uje na kitambulisho cha kazi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili na dakika kumi. Niko stoo. Nimepiga tangu saa kumi na moja alfajiri, kwanza nyumbani, kisha njiani, sasa hapa. Inaita.

Saa mbili na nusu. Inaita. Imeshajaa sasa, saa mbili kamili zimepita. Nabonyeza namba tena.

Saa tatu kasoro dakika tano. Wamepokea!!

Ni sista, sauti ya kijana, mchangamfu. Kasema simu ilikuwa imechomoka ukutani, mfagizi ndiye aliyeiona sasa hivi. Nikamuuliza kuhusu inkubeta mpya. Kasema iko salama, dada, msiwe na wasiwasi. Usiku ilikuwa inawasumbua kwa kelele, ila tangu alfajiri imetulia, imesimama kwenye 34 kama msumari. Ndiyo maana wakampa yule mdogo kuliko wote.

Nikamuuliza na mtoto je?

Kasema naye katulia. Tangu alfajiri halii, hahangaiki. Wamemwacha alale. Mtoto njiti akipoa halii, hutulia.

Nikasema mguse. Kasema kamgusa saa moja, alipopita. Kwa glavu? Kwa glavu, ndiyo, ndio utaratibu. Nikamwambia sista, nakuomba, weka simu mezani, vua glavu, mguse tumboni kwa mkono mtupu, sasa hivi, usinijibu.

Kaweka simu mezani. Nasikia viatu vyake. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga mayowe. Mkurugenzi anagonga mlango wa stoo, anataja saa tatu, anataja kitambulisho. Anagonga tena.

Kile kidirisha cha inkubeta kina sauti yake, tak, naijua hata kwa mbali. Nimeisikia.

Sasa anaita mtu. Si mimi. Anaita kwa jina, halafu kwa cheo, halafu anaita yeyote yule.