Moshi wa Nyama Chini ya Dirisha la Pasang

Jumatatu, 12 Mei

Zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, kisha maktaba ya Stockholm, kisha treni ya kurudi nyumbani Alby. Sura ya tatu ya tasnifu bado. Nimeandika kwamba Miyolangsangma, mungu wa kike anayekaa Everest, ni lugha tu ambayo watu huitumia kuelezea hofu yao. Sentensi nzuri. Sina hakika nayo. Pasang wa ghorofa ya juu, mzaliwa wa huko, aliyenisimulia karibu yote niyajuayo kumhusu mungu huyo, anasema mdogo wake Dawa ameanza kuupanda mlima na wageni. Ndiyo kazi yake.

Jumamosi, 17 Mei

Dada wa kwaya walikuja. Niliwachomea mishikaki uani. Mafuta yakadondokea makaa, moshi ukapanda. Mama Aline alisema msomi anayejua kuchoma nyama hajapotea kabisa. Tulicheka. Nilipoinua macho, Pasang alikuwa anafunga dirisha. Ndipo nikakumbuka. Jamaa akiwa mlimani, nyama haiunguzwi motoni. Harufu humchukiza mungu yule. Nimeyaandika hayo mwenyewe, ukurasa wa kwanza wa sura.

Jumapili, 18 Mei

Dhoruba mlimani. Dawa hapatikani kwa simu. Sikwenda ibadani. Nilipanda kumwomba Pasang radhi. Hakupaza sauti.

"Umeniuliza mwaka mzima, dada, ukaandika kila neno," alisema. "Kisha ukachoma chini ya dirisha langu."

Nilishuka ngazi.

Jumanne, 20 Mei

Bado hakuna habari za Dawa. Siamini kwamba moshi wa Alby unafika Himalaya. Naamini pia kwamba nimekosa. Mawili haya hayapatani, na nimechoka kuyapatanisha. Baada ya zamu nilikwenda msituni nikakata matawi ya mreteni, mti ambao watu wa kwao Pasang huufukiza ili kumtuliza mungu yule. Nikayaweka mlangoni kwa Pasang. Sikubisha hodi.

Alhamisi, 22 Mei

Dawa yu hai. Aligeuka kurudi kabla ya kufika kileleni. Vidole viwili vya mguu, vilivyoganda kwa baridi, vitakatwa. Pasang alishuka kunieleza, nguo zake zikinukia moshi wa mreteni. Anasema mungu ndiye aliyemgeuza. Sikuuliza kama ni kwa hasira au kwa huruma. Kwa mara ya kwanza sikuwa na daftari mkononi.

Alipoondoka nilifuta ile sentensi ya mungu kuwa lugha tu. Nikairudisha. Nikaitangulizia "huenda". Kisha nikauosha wavu wa kuchomea, nikaupeleka stoo.