Nota za Mwanzo za Wimbo wa Babu

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi magoti ndiyo yananisumbua. Mdomo, kama unavyonijua, ni mzima kuliko kiungo kingine chochote. Baba yako anakusalimu. Anasema umekonda kwenye picha. Mimi sioni, lakini yeye ni baba, lazima aone kitu.

Nina kazi kwako, na usiniambie umebanwa. Kitabu changu juu ya marehemu Baba kiko kwa mpiga chapa. Jalada limeshatoka: babu yako amesimama mbele ya kwaya, mkono juu, na chini yake maneno "Mtunzi wa Wimbo wa Alfajiri". Sasa Bwana Pedali, yule mpiga kinanda anayejiita mhakiki, ameandika tena gazetini. Eti wimbo wetu "unanuka makanisa ya ng'ambo", na mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuwa aliutunga. Nimemjibu kwa kurasa mbili. Mhariri akazikata, maana ana roho ndogo.

Maneno yamekwisha, nataka ushahidi. Wewe ni mkutubi wa muziki. Nitafutie mtandaoni vyanzo vyote vya maana kuhusu watunzi wa zamani wa muziki huo anaoabudu Pedali, unithibitishie kwamba wimbo huu haupo popote isipokuwa kwetu. Nataka kumziba mdomo mpaka ajisahau kwamba anao.

Ni mimi,
Shangazi yako


9 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, na sijakonda. Picha ilipigwa kwenye ngazi ambako hakuna mwanga. Pole na magoti. Baba mwambie nakula.

Nimeanza kazi yako. Kamusi kubwa za muziki, zile ambazo maktaba inazilipia, hazimtaji Babu hata kwa bahati mbaya. Lakini vyanzo vitatu vya bure vinamtaja, na vyote vinasema alitunga Wimbo wa Alfajiri. Nikafurahi, nikataka kukupigia simu. Kisha nikafanya kile ninachowalazimisha wanafunzi wafanye: nikafuata tanbihi. Chanzo cha tatu kimenukuu cha pili. Cha pili kimenukuu cha kwanza. Cha kwanza kimenukuu makala ya gazetini, na makala hiyo, Shangazi, ni yako. Ni sauti yako moja inayorudi kutoka kuta tatu.

Kuna njia nzuri zaidi. Ipo katalogi ya nota ambayo huhitaji kujua jina la wimbo wala la mtunzi. Unaingiza nota za mwanzo tu, nayo inazitafuta kwenye hati na vitabu vya maktaba nyingi. Tusipozipata humo, utakuwa na hoja. Naomba unipigie picha ya karatasi ya Babu, na nyingine zozote zenye mwandiko wake.

Wako,
Binti wa kaka yako


11 Februari

Mwanangu,

Salamu utazipata siku nyingine, leo nimeudhika. Yaani miaka yote hii nimekuwa nikijinukuu? Na hukuona njia laini ya kuniambia? Umechukua kwa nani ulimi huo, kama si kwangu?

Picha hizi hapa. Karatasi ya Wimbo wa Alfajiri ni ya kwanza. Nyingine nimezitoa kwenye sanduku la Baba, zote za kwaya yake, zote kwa mkono wake. Angalia jina lake lilivyo juu kulia, limenyooka kama alivyokuwa akitembea. Ingiza hizo nota. Hutakuta kitu, nami nitaanza kunoa kalamu.

Shangazi yako


14 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini umeamka vizuri. Kama umesimama, kaa kwanza.

Upo. Niliingiza nota nane tu za mwanzo, na katalogi ikaleta jibu kabla sijaondoa kidole. Kikafunguka kitabu cha nyimbo za kanisa kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa; ukurasa wa wimbo huu nimekutumia. Picha yako imekata mistari ya chini ya karatasi, lakini nota zinazoonekana nimezilinganisha na za kitabu sauti kwa sauti, soprano hadi besi. Ni zile zile. Kilichobadilika ni maneno, ambayo yamewekwa kwa lugha yetu. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda kunywa maji, nimerudi, na bado ni zile zile.

Kitabu kilichapwa kabla Babu hajazaliwa. Aliyetunga ni mwanamke, mpiga kinanda wa kanisa dogo. Kamusi ya watunzi inampa mistari mitatu.

Shangazi, tafadhali usiache kusoma hapa. Angalia karatasi nyingine ulizonitumia. Mojawapo ni ule wimbo wa Pasaka unaoimbwa dunia nzima, ambao hata watoto wanajua nani aliutunga. Nao una jina la Babu juu kulia. Kote kuna jina lake. Alikuwa anatia jina la aliyenakili, ili kwaya ijue imrudishie nani karatasi, akaliweka pale ambapo vitabu vya kupiga chapa huweka mtunzi. Hakudanganya mtu. Sisi ndio tuliosoma jina lake mahali hapo tukamaliza kazi.

Ningekuwa na namna nyingine ya kulisema ningelisema.

Binti wa kaka yako


3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Naandika tena, ile ya tarehe kumi na nne sijui kama umeifungua. Baba anasema umejifungia kwenye chumba chako cha kuandikia, na gazeti linabaki mlangoni halijakunjuliwa. Wewe, kuacha gazeti? Hilo ndilo limenitisha kuliko yote.

Anasema pia mpiga chapa amepiga simu mara mbili kuuliza kama aanze, na hajui amwambie nini.

Sihitaji unijibu kuhusu nota. Niambie tu kama unakula.

Binti yako


22 Machi

Mwanangu,

Nakula. U hali gani? Mimi ni kama mtu aliyepigwa kofi na picha ya ukutani.

Siku za kwanza sikuwa na hasira, na hilo lilinishangaza, maana hasira ndiyo mtaji wangu. Nilikaa nikiutazama ukurasa ule ulionitumia. Mimi ambaye nimepaza sauti maisha yangu yote kwamba watu wetu wanafutwa kwenye vitabu vya wakubwa, nimemfuta mtu mzima, tena mwanamke, nikamketisha Baba kwenye kiti chake. Na huko kwao nako mistari mitatu. Nimeingia kwenye hiyo kamusi kwa ile namba ya maktaba uliyowahi kunipa. Mumewe, aliyetunga nyimbo ambazo hakuna anayeziimba, ana ukurasa mzima. Nimetamani kumwandikia mhariri wao, nikakumbuka sina uso.

Nilimweleza baba yako. Akaikoroga chai mpaka ikapoa, kisha akasema, "Kwa hiyo tunamzika mara ya pili." Nikachukua simu mbele yake, nikamwambia mpiga chapa asimamishe kila kitu, jalada na vyote.

Halafu nikaenda kwa Bwana Pedali. Ndiyo, nyumbani kwake. Sikutaka ayapate haya kwa mtu mwingine. Alifungua mlango akiwa na kandambili, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mama, umekuja kunipiga?"

"Nimekuja na karatasi. Kupiga kutasubiri."

Akasoma ukurasa wako akiwa amesimama. Nikajiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka. Alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akakaa.

"Kwa hiyo upo kweli," akasema.

"Si wewe uliyesema upo?"

"Nilisema unanuka. Sikuwa na ushahidi wowote, Mama. Nilikuwa nabishana tu. Wewe unajua mambo yetu."

Nilipigwa na butwaa mpaka nikasahau kumtukana. Tumepigana gazetini mwaka mzima, mimi kwa imani na yeye kwa pua.

Akaenda kwenye kinanda chake, kile kidogo cha sebuleni, akaupiga wimbo kutoka kwenye ukurasa wako. Mwanangu, kuusikia pale, bila kwaya, bila Baba, kama mgeni aliyekuja kudai kilicho chake, kuliniuma. Kisha ukaisha. Ghafla, kwa sauti zote nne pamoja, nguvu tupu. Mimi nikabaki nasubiri. Kwetu hauishii hapo. Kwetu besi wanashuka polepole, tena wananyamaza, sauti ya pili inabaki peke yake kama mtu aliyesahaulika mlangoni. Pale ndipo watu hulia.

Pedali naye alikuwa anasubiri. Akageuza ukurasa, hakuna. Akaomba karatasi ya Baba, akaiinamia.

"Tazama," akasema. "Huku juu kote hakuna kosa hata moja. Huyu ananakili. Hapa chini tazama alivyofuta, akaandika, akafuta tena, karatasi imekaribia kutoboka. Mtu anayenakili anafuta nini?"

Alama zile za kufuta nimeziona tangu utotoni. Nilidhani ni uchakavu.

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ni nani. Akasema basi niandike hivyo, mwisho ni wa mwalimu, nani atabisha? Nikamwambia hivyo hivyo ndivyo tulivyofika hapa.

Nimekutumia picha ya mistari hiyo ya mwisho. Iingize. Ukikuta ina mwenyewe, niandikie siku hiyo hiyo, wala usinipambie. Nitasimama mbele ya kwaya nitamtaja huyo mama, hilo limekwisha. Swali lililobaki ni kama nitamtaja na Baba.

Shangazi yako


26 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi unakula, na pole kwa chai ya Baba.

Nimezitafuta. Nimeziingiza kama Babu alivyoziandika, kisha sauti ya pili peke yake, kisha besi peke yake. Nimekwenda kwenye maktaba ya nota za bure, nimepekua vitabu vyote vya yule mama vilivyopigwa picha, na vya mumewe pia, ingawa ilinichosha. Hakuna.

Uniruhusu niwe mkutubi kidogo. Kutozipata si uthibitisho kwamba ni zake. Nota nyingi duniani hazijaingizwa popote, zimelala kwenye masanduku kama la Babu. Ukiandika, andika hivyo: zimetafutwa, na hajapatikana mwingine. Weka tanbihi, na safari hii isiwe makala yako.

Nilipomaliza nikazipiga, kwa kibodi ya muziki ya pale mezani. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni. Kumbe hazikuwa zimeunganishwa. Chumba kizima kiligeuka, na sikuacha mpaka sauti ya pili ilipomalizia. Mkuu wangu alitoka ofisini kwake, nikajua nimekwisha. Alisimama karibu yangu, akauliza nota zile ni za mtunzi gani.

Nimemwambia: mpaka apatikane mwingine, za babu yangu.

Binti wa kaka yako