Mwaitu, Nimeacha Kuziogesha Nyanya Zako

Mwaitu, mama yangu uliyetangulia,

Leo nimetoka nje mara saba na chai imepoa mezani. Ni zile nyanya zako! Zimetokana na mbegu ulizonifungia kwa karatasi, umezipaka jivu. Kila mwaka nimezipanda hapa Nechells, huku ughaibuni, nyuma ya nyumba, na kuweka mbegu nyingine. Mwaka jana sikuweka, nilikuwa nimekuja kukuzika. Nilirudi nikakuta nyanya za mbegu zimeozea kwa ndoo. Za mwaka huu zilikuwa chembe zako za mwisho, miche sita tu.

Unakumbuka ulivyoziogesha jioni kule Machakos? Mimi nabeba mtungi, wewe unamwagia majani mpaka vumbi lote linatoka, unaziambia, "Haya, lala safi." Basi nami nikaziogesha vivyo hivyo, kila nikitoka shifti, hata viatu sijavua. Huku ambako mvua hainyeshi kwa ruhusa ya mtu! Na nilivyojiona mwana mwema.

Jumapili nikaona madoa kwenye majani ya chini. Nikajipa moyo kwamba ni yale ya miviringo, ukiyachuma majani hayo mapema mmea unapona. Nikachuma. Jana yakawa meusi, yamelowa, yameenea hadi kwenye shina. Jirani yangu Bi Zuhura, Mzanzibari, akageuza jani akanionyesha ukungu mweupe.

"Bakajani hiyo, mwanangu. Majani hayalali na maji huku. Ng'oa, kabla haijaruka ukuta ikaja kwangu."

Nilimkasirikia kweli. Yeye ni nani wa kuning'olea mama yangu?

Lakini leo nimeng'oa mitano. Sikuirudisha udongoni ulivyonifundisha. Nimeifunga kwa mfuko wa taka, kama mwizi. Nisamehe.

Mche wa sita ulikuwa peke yake chini ya kipaa cha mlango, mvua haiufikii, nami kila jioni nilikuwa naupita nausahau. Huo ndio hauna doa. Ule niliousahau, Mwaitu! Nimeuingiza ndani, dirishani. Naumwagia maji shinani tu, asubuhi, na kila nikipita nageuza majani kutazama chini. Siwezi kutulia. Una nyanya moja, imeanza kuwa nyekundu.

Jivu sina, huku hatupikii kuni. Bi Zuhura ameniwekea la chetezo chake. Kwa hivyo mbegu zako zitanukia udi, na hilo nalo unisamehe.

Haya, lala safi.

Kitindamimba wako