Chozi kwenye mfyulisi

Jumamosi, 13 Septemba. Mlandege.

Nilikasirika kweli asubuhi. Vile vipande vya nailoni nilivyofunga jana kwenye mfyulisi ili ndege wasiharibu maua, Mama alikuwa amevifungua vyote na kuvikunja vizuri juu ya kiti.

"Mama, tutakosa matunda!"

"Yule ndege ni chozi, mwanangu. Ana mdomo kama sindano, ananyonya utamu tu. Mgeni amekuja kutazama maua yako, unamtisha na mifuko?"

Tangu tumzike Baba nikamleta Mama hapa mjini, neno mgeni haliishi mdomoni mwake, ila huwa anajisema mwenyewe. Khanga zake bado zimo kwenye begi, kabati nililomnunulia liko tupu. Ameshamwambia kaka aje mwezi ujao amrudishe kijijini. Kule nyumba imefungwa, hakuna hata wa kumwashia moto. Naogopa baridi ya kule, naogopa upweke wake, na kumkatalia siwezi.

Jioni nilimkuta chini ya mti, amejifunika shuka, maua yamemdondokea kichwani. Juu yake chozi wawili walikuwa wanaruka ua hadi ua.

"Kamwene," akawasalimia, kama anavyosalimia watu, kisha akacheka peke yake. Sijamsikia akicheka tangu msibani.

Nikakaa naye.

"Matunda yanaiva lini?"

"Krismasi hivi, Mama."

Akaokota ua moja, akalitazama.

"Basi mwambie kaka yako asije kwanza. Nataka kuyachuma mwenyewe."

Nilimpigia kaka hapo hapo chini ya mti, Mama asije akabadili mawazo.