Unga wa Msiba Wangu

Bariadi, Jumanne usiku

Kumbe nikifa watu watakuja. Tangu mke wangu Kabula afariki, nilikuwa na hofu kwamba nitagunduliwa kwa harufu.

Jioni watafiti walikuja kunasa popo darini kwangu, wawapime virusi vya korona. Jirani yangu Minza alipoona mavazi yao meupe ya kujikinga akadhani wamekuja kunizika. Akapiga yowe. Mara uwanja ukajaa watu wenye unga na kuni.

Nikatoka nimeshika ngazi.

"Shemeji, tulijua umemfuata dada," akasema Minza, kama mtu aliyepunjwa.

"Bado."

"Unga siurudishi. Napika."

Tukala mpaka tukakwangua sufuria. Sikuwa nimekula na watu hivyo tangu arobaini ya Kabula.

Watafiti watarudi kupima popo tena. Minza ameuliza ni siku gani, ili alete na mboga.