Risasi Ishirini za Garrick

Shoga, uko wapi? Nina hasira!

Unazikumbuka zile risasi ishirini nilizomjazia kaka Garrick kwa mkono wangu kwa msimu wa kulungu? Wiki nzima nimejifungia karakanani, baruti naipima punje kwa punje. Na kitako cha bunduki yake nilimchongea mimi, bure.

Leo nimeingia gereji kwake, namkuta anazivunja. ANAZIVUNJA! Anang'oa vichwa, baruti anamwaga kwenye kopo la kahawa. Tena kwa nyundo ile ile ya kung'olea niliyomtengenezea Krismasi!

"Garrick, unafanya nini?"

Hata aibu hana. "Usinune, dada'ngu. Sheria unaijua. Mtu hapigi risasi zilizojazwa na mkono wa mwingine, asije akalipukiwa na bunduki. Baba mwenyewe alisema."

Baba! Baba aliyetufundisha sote wawili kwenye benchi moja! Na kulungu wake wa mwisho alimwangusha kwa risasi niliyoijaza mimi!

Sheria hiyo ya wajaza risasi kweli ipo, huku Idaho kila mwindaji anaijua. Nikamwambia basi, nipe maganda yangu niende zangu.

"Chukua boksi hapo rafuni uyatie," akasema, hata hajainua macho.

Nikashusha boksi, halikuwa tupu. Juu pana mwandiko wa Royce, jirani yake: "Za Garrick, hamsini." Nimefungua, ni risasi za kujaza kwa mkono, zimebaki kumi na mbili, nyingine zote keshazipiga.

Royce, shoga. Royce niliyemfundisha mimi kujaza risasi mwaka jana, kwenye mashine yangu.